Homa ya Ini C: Kirusi Kimoja, Koo Nyingi

Kirusi cha homa ya ini C hujinakili upesi na kwa uzembe. Kila mara hukosea herufi za vinasaba vyake, wala hakina uwezo wa kuyasahihisha makosa hayo. Ndiyo sababu mojawapo ya kukosekana kwa chanjo, ingawa kilitambuliwa mwaka 1989. Makosa hayo yamezaa koo nane, ziitwazo jenotaipu, 1 hadi 8, na ndani yake matawi yenye herufi: 1b, 4k, 4r.

Kwa ini lenyewe, ukoo wa kuogopwa zaidi ni jenotaipu 3. Huvuruga ini linaposafirisha mafuta, yakarundikana humo hata kwa mtu asiye mnene wala mnywaji. Makovu hujengeka upesi, na hatari ya sirosisi (ini kujaa makovu) na saratani ya ini huwa kubwa zaidi. Kirusi kikishatoka mwilini, mafuta hayo kwa kawaida hupungua.

Misri, Rwanda na Afrika ya Kati, inayotawala ni jenotaipu 4, na hapa tawi lina uzito wake. Utafiti wa Rwanda uliochapishwa mwaka 2019 ulitumia vidonge vya sofosbuvir na ledipasvir. Wenye matawi mengine walipona zaidi ya tisa katika kila kumi. Wenye 4r, zaidi kidogo ya nusu tu. Tawi hili lina mabadiliko ya kinasaba yanayodhoofisha ledipasvir tangu mwanzo. Si kwamba wagonjwa walimeza dawa vibaya, kama wengi hudhaniwa wasipopona. Kwa walioshindikana ipo tiba ya pili, yenye voxilaprevir.

Hata hivyo, ukoo wa kirusi hauamui peke yake. Kati ya watu 100 wenye maambukizi sugu, 15 hadi 30 hupata sirosisi ndani ya miaka 20, na pombe, VVU, homa ya ini B na kisukari huharakisha safari hiyo.

Kipimo cha kingamwili kikionyesha umewahi kuambukizwa, omba cha pili, cha kutafuta kirusi chenyewe. Kikiwepo, usisubiri jenotaipu ijulikane ndipo uanze tiba: sofosbuvir na velpatasvir kwa wiki 12 hutibu koo nyingi, na daktari atakuambia kama hali yako inahitaji zaidi. Ukiwa tayari na sirosisi, endelea kupigwa ultrasaundi ya ini kila miezi 6 hata baada ya kupona, maana saratani bado inaweza kutokea.