Ugali, Mstari wa Mgongoni na Ukoo: Yanayomhusu Kila Mfugaji wa Mbwa

Mbwa wengi wa Afrika Mashariki hula kilichobaki jikoni: ugali, ukoko wa wali, viazi, kichwa cha samaki. Wanga wote huo wanausaga bila shida, na sababu imo ndani ya vinasaba vyao. Ukiielewa sababu hiyo, utajua umlishe nini mbwa wako, umpandishe na nani, na umkague wapi mtoto wa mbwa kabla hujamlipia.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden walilinganisha vinasaba vya mbwa 60 wa nyumbani na vya mbwa mwitu 12 wa kijivu. Huyu ni yule wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, ndugu wa karibu kabisa wa mbwa wetu, wala si yule mwenye mabaka wa Hifadhi ya Ruaha nchini Tanzania. Jeni moja iitwayo AMY2B iliwashangaza. Kazi yake ni kuliagiza kongosho litengeneze amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga. Mbwa mwitu alikuwa na nakala mbili tu, moja ya baba na moja ya mama. Mbwa wa nyumbani walikuwa na kati ya nakala 4 na 30.

Jeni hujirudia hivi: mbegu za uzazi zinapotengenezwa, kromosomu za upande wa baba na za upande wa mama hujipanga sambamba na kubadilishana vipande. Zikipishana kidogo, moja huondoka na kipande cha ziada na nyingine hupungukiwa. Mara nyingi kosa hilo halimsaidii mnyama. Lakini kwa mbwa aliyeishi pembezoni mwa mashamba akiokota makombo ya nafaka, nakala ya ziada ilimpa amilesi nyingi zaidi, akashiba pale ambapo mwenzake alikonda. Mifupa ya kale iliyochimbwa Ulaya inaonyesha kwamba mabadiliko haya yalikwishakuwapo miaka 7,000 hivi iliyopita, katika jamii za wakulima. Dingo, mbwa wa porini wa Australia ambaye hakukulia kando ya mashamba, bado ana nakala mbili.

Kwa hiyo mpe mbwa wako ugali bila wasiwasi, ila usimpe ugali mtupu. Jeni hii inavunja wanga. Haigeuzi unga kuwa protini. Changanya na dagaa, mayai, au utumbo uliochemshwa ukaiva ili kuua minyoo, na umwongezee zaidi jike anayenyonyesha na watoto wanaokua. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote katika chakula ni mahindi yaliyoota ukungu. Watu huyatenga kwa kuwa hayafai kwa binadamu, kisha wakampikia mbwa. Sumu ya ukungu huo, yaani sumukuvu, haiondoki kwa kupikwa, na mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowadhuru upesi. Akikataa chakula, akatapika, na fizi zake zikawa za manjano, ini limeshaumia. Mwahishe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Si kila jeni iliyojirudia ilileta neema. Rhodesian Ridgeback, mbwa anayependwa sana na walinzi, ana mstari wa nywele mgongoni zilizolala kuelekea kichwani. Aliurithi kwa mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, waliochanganywa na mbwa wa walowezi. Mwaka 2007 chanzo chake kilijulikana: kipande cha kromosomu chenye jeni zinazoongoza ukuaji wa kiinitete kimejirudia. Kurithi kipande hicho kwa mzazi mmoja kunatosha kuleta mstari. Anayekirithi kwa wazazi wote wawili yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kijitundu kinachozama kutoka kwenye ngozi ya shingo au mgongo, wakati mwingine hadi kwenye utando wa uti wa mgongo. Kijitundu hicho huingia vijidudu, na hatimaye mbwa huugua vibaya.

Unaponunua kitoto cha aina hii, inua ngozi ya katikati ya shingo na mgongo, uipitishe taratibu kati ya vidole. Ukihisi kitu kama uzi unaoivuta ngozi kwenda chini, usikiminye. Daktari ndiye wa kuamua kuhusu upasuaji. Ujue pia kwamba kitoto kisicho na mstari si kibovu. Kuna wafugaji waliowaua watoto wa namna hiyo kwa ajili ya urembo tu, na huo naona ni ukatili, kwa kuwa hao ndio wasio na kipande chenye madhara. Kumpandisha mwenye mstari na asiye nao hupunguza hatari kwa kizazi kizima.

Hapo ndipo utofauti wa vinasaba unapoingia: ndugu wakipandishwa, kitoto huweza kurithi kasoro ileile kwa wazazi wote wawili. Katika kisiwa cha Isle Royale, ndani ya Ziwa Superior nchini Marekani, mbwa mwitu walifika kwa kuvuka barafu katika miaka ya 1940. Mwaka 1980 walikuwa 50. Ugonjwa ukawapunguza, ndugu wakazaana wao kwa wao, mifupa ya mgongo ikaanza kuwa na kasoro. Mwaka 2018 walibaki wawili: baba na binti yake, tena waliozaliwa na mama mmoja. Ilibidi waletwe wengine kutoka nje.

Mbwa wa mbegu za kigeni mijini kwetu wanaweza kufika huko. Dume mmoja anayesifiwa hupandishwa mtaa mzima, na baada ya miaka miwili watoto wake wanapandishwa wao kwa wao bila mtu kujua. Mbwa wetu wa kijijini, tunayemdharau kwa kumwita koko, ana hazina kubwa zaidi: utafiti wa mwaka 2009 uliohusisha mbwa wa Uganda, Misri na Namibia ulikuta utofauti wao unalingana na ule wa mbwa wa Asia Mashariki.

Kabla ya kumpandisha jike wako, uliza baba na mama wa dume ni nani, na babu na bibi zake. Ndugu wa tumbo moja, au mzazi na mwanawe, wasikutanishwe. Andika kwenye daftari tarehe, majina ya wazazi na kasoro zilizoonekana kwa watoto, hata waliokufa, kisha mpe kila anayechukua kitoto nakala ya ukurasa huo.