Mama anataka kuhamia mtaa wa wastaafu

Swali: Mama ana miaka 67, amestaafu uuguzi hapa Arizona na nguvu anazo. Anataka kununua nyumba kwenye mtaa wa wastaafu. Ndugu zetu wa Tanga wanasema tunamtupa. Je, akiugua huko atahudumiwa?

Jibu: Hapana, na hilo mlijue mapema. Huko si nyumba ya kulelea wazee. Mama atajipikia, ataendesha gari lake na kufunga mlango wake mwenyewe. Sun City, mtaa uliofunguliwa na mjenzi Del Webb karibu na Phoenix mwaka 1960, uliwavuta watu kwa gofu, mabwawa ya kuogelea na vyumba vya kazi za mikono, si kwa vitanda vya wagonjwa. Akihitaji msaidizi wa kumwogesha au kumpikia, mtamtafuta na kumlipa wenyewe. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, nayo hailipi ada ya mtaa.

Kuna suala la wajukuu, ambalo wengi hulisahau. Sheria ya Marekani ya mwaka 1995 inaruhusu mitaa ya watu wa miaka 55 na zaidi kukataa familia zenye watoto, mradi angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu wa umri huo. Wajukuu watakuja kumsalimu, lakini mitaa mingi huwawekea kikomo cha siku. Kama yeye ndiye anayewalelea watoto, hapo pana kazi.

Kabla hajasaini, someni kanuni za chama cha wakazi, hasa kifungu cha michango ya ziada: paa la ukumbi likivuja, huenda kila mwenye nyumba akachangishwa. Hao wa Tanga, mwacheni mama aongee nao mwenyewe.