Kumfundisha Kroshia Mwanafunzi Mwenye Shoto

Mwanachuo anayekwenda katika mazoezi ya kufundisha huandaa somo lake la ufumaji kwa uangalifu. Huhesabu sindano, hugawa nyuzi, huandika hatua ubaoni kwa hati nzuri. Jambo moja aghalabu hulisahau, nalo ni mikono ya wanafunzi. Takribani mtu mmoja katika kila kumi hutumia mkono wa kushoto kwa kazi za ustadi. Darasa la wanafunzi 45, basi, laweza kuwa na wanne au watano wenye shoto, hata kama siku ya kwanza mwalimu hakumwona hata mmoja.

Tumechagua kuzungumzia kroshia, yaani ufumaji wa sindano moja yenye kulabu nchani, kwa sababu ndilo somo ambalo tumewaona wanafunzi hawa wakikata tamaa upesi. Na tumewahi kuwa sisi wenyewe sababu ya kukata tamaa huko. Tulipokuwa tungali wapya katika kazi, tulifundisha ufumaji Darasa la Tano. Msichana mmoja alishika sindano kwa mkono wa kushoto. Tukamwambia aihamishe. Akaihamisha bila ubishi, lakini kwa majuma matatu hakutoa ila mnyororo uliokazana mno, vitanzi vyake havipitishi hata ncha ya sindano. Tukampa kazi ya kuviringisha nyuzi za wenzake, na katika daftari letu tukaandika kwamba hana bidii.

Baadaye tulipita nyumbani kwao kwa shughuli nyingine. Tulimkuta ameketi barazani, sindano i mkono wa kushoto, anafuma ukingo wa kitambaa cha meza, mishono imelingana. Tukamuuliza bibi yake alimfundishaje. Yule mzee akajibu, “Mwalimu, mimi sikumfundisha. Mimi nafuma, yeye hukaa hapo mkekani, mbele yangu, ananitazama.” Bibi alitumia mkono wa kulia. Mtoto, kwa kukaa mbele yake, aliiona kazi kama mtu ajionavyo katika kioo: mkono wenye sindano wa bibi ulikuwa upande ule ule wa mkono wake yeye wenye sindano. Sisi darasani tulikuwa tumemketisha ubavuni petu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mtumia mkono wa kulia hufuma kutoka kulia kwenda kushoto. Mwenye shoto hufuma kutoka kushoto kwenda kulia. Kazi ni moja, mishono ni ile ile, mwelekeo ndio uliogeuka. Sindano yenyewe haina ubaguzi, iwe ya dukani au iliyochongwa kwa spoki ya baiskeli, kwa kuwa kulabu yake yafaa mkono wowote. (Mkasi sivyo. Makali ya mkasi wa kawaida yamepangwa ili mkono wa kulia uyabane pamoja. Katika mkono wa kushoto huachana, na uzi hutafunwa badala ya kukatwa. Mwanafunzi mwenye shoto asikaripiwe kwa ajili ya mkato mbaya. Mwenzake amkatie uzi, yaishe.)

Kinachomfunga mtoto huyu, basi, si chombo. Ni mahali alipoketishwa na ni maneno ya mwalimu.

Tuanze na maneno. Sikiliza somo la kawaida: “Shikeni uzi kwa mkono wa kushoto. Anzeni mwisho wa kulia. Geuzeni kazi, mrudi kushoto.” Kila sentensi ni sahihi kwa wanafunzi arobaini na ni ya uongo kwa watano. Wale watano hawana budi kuigeuza kila amri kichwani huku vidole vikihangaika na kazi ngeni. Dawa yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: ondoa kabisa maneno “kulia” na “kushoto” katika somo. Sema “mkono wa sindano” na “mkono wa uzi”. Badala ya “mwisho wa kulia” sema “upande uliko mkono wa sindano”. Tujaribu na mshono mfupi, ambao ndio wa kwanza kufundishwa baada ya mnyororo:

“Fuma mnyororo wa vitanzi 21. Usikihesabu kitanzi kilicho juu ya sindano. Ingiza sindano katika kitanzi cha pili kutoka kwenye sindano, ukiisukuma kutoka mbele yako kwenda nyuma. Uzi utoke nyuma, upite juu ya sindano, uje mbele. Uvute utokee kitanzini. Sasa una vitanzi viwili juu ya sindano. Upitishe uzi tena juu ya sindano, uvute katika vyote viwili. Kimebaki kimoja. Endelea hadi mwisho, upate mishono 20.”

Hakuna neno hata moja humo ambalo mwenye shoto atahitaji kuligeuza. Angalia hasa ile sentensi ya uzi kutoka nyuma na kuja mbele. Mwenye shoto anayeiga mkono wa mwalimu aliye ubavuni pake mara nyingi huuzungusha uzi kinyume, na vitanzi vyake hujipinda. Akiambiwa nyuma, juu, mbele, hana pa kupotea.

Sasa kuhusu kuketi. Wengi hufikiri kwamba itawabidi watoe somo mara mbili, kwanza kwa wengi, halafu kwa wachache, na kwa kuwa kipindi ni kifupi, wale wachache hawapati lolote. Onyesho moja latosha. Mwalimu aketi kwenye kigoda. Wanaotumia mkono wa kulia waje kwa makundi, wasimame nyuma ya mabega yake, watazame juu ya mikono yake. Wenye shoto wakae mbele yake, magoti yakikaribiana na yake. Kila upande utaona mkono wa sindano pale ulipo wake.

Njia hii ina kasoro moja, na twaitaja ili isikushitue mbele ya darasa. Aliye mbele huona mgongo wa kazi, wala haoni vizuri sindano inapoingilia. Kwa hiyo ishushe kazi hadi magotini, uilaze, ili atazame kutoka juu. Tumia uzi mnene wa rangi nyeupe au ya manjano, na sindano ya milimita 4 au 5. Uzi mweusi hauonekani hata kwa mwenye macho makali.

Utawatambuaje wenye shoto? Usiulize, “Nani anatumia kushoto?” Wapo walioambiwa nyumbani kwamba mkono huo ni wa aibu, nao watanyamaza. Wala usitegemee mkono wa kuandikia, maana wengine wamezoezwa kuandika kwa kulia ilhali hutupa jiwe na kufagia kwa kushoto. Weka sindano na uzi juu ya dawati, katikati, mbele ya kila mmoja, useme tu, “Shikeni.” Kisha tazama.

Jambo la adabu lastahili neno la upole. Watoto wetu hufunzwa kula, kusalimia na kupokea kitu kwa mkono wa kulia, na lugha yenyewe yauita mkono huo wa kulia, yaani wa kulia chakula. Mwalimu hana haja ya kushindana na mafunzo hayo. Mzazi akija kulalamika, mweleze kwamba mtoto ataendelea kula na kusalimia kama alivyolelewa, na kwamba sindano si tonge wala salamu. Tumeona wazazi wengi wakiridhika na maelezo hayo, hasa wakionyeshwa kazi iliyokamilika.

Mwanachuo asahihishe kwa haki pia. Kitambaa kinachopungua upana kila mstari si ugonjwa wa shoto. Ni mshono wa mwisho uliorukwa, kosa la kila anayeanza. Mhesabie mishono 20 kila mstari kama unavyowahesabia wengine. Kofia aliyoifuma itazunguka kwa mwendo wa mishale ya saa, ilhali za wenzake zimezunguka kinyume chake. Hilo si kosa hata kidogo, lakini kofia hiyo asipewe mwingine wa mkono wa kulia aimalizie, maana mishono itabadili uso katikati ya kazi.

Twashauri kila mwanachuo, kabla ya kwenda shuleni, afume kwa mkono wake wa kushoto mnyororo wa vitanzi 21 na mistari minne juu yake. Na kama yeye ndiye mwenye shoto, afume kwa kulia. Itamchukua jioni nzima na kazi itakuwa mbaya. Aichukue kazi hiyo mbaya darasani.

Limebaki suala la vielelezo vya vyumba vyumba, ambavyo baadhi ya vyumba hujazwa na vingine huachwa wazi ili kutokeza picha au maandishi. Kwa kawaida mstari wa kwanza husomwa kuanzia pembe ya chini ya kulia. Mwenye shoto akiufuata hivyo hivyo, neno KARIBU litatokea kinyume: A, I na U hazitadhurika, ila K, R na B zitatazama upande mwingine, na neno litaanza na U. Asifumue. Kwa kuwa kitambaa cha namna hiyo hukaribia kufanana pande zote mbili, akigeuze tu, neno litasomeka. Kitambaa kifuatacho aanze kukisoma kielelezo kutoka pembe ya chini ya kushoto.