Bandama: Usilidharau!

Haya, tuanze somo letu kwa vitendo. Weka kiganja cha mkono wako wa kulia kwenye mbavu za chini upande wa kushoto, ukielekea mgongoni. Hapo ndani, nyuma ya mfuko wa chakula, limejificha bandama, ambalo vitabu vingine huliita wengu. Ukubwa wake ni kama ngumi yako, na kwa mtu mzima lina uzito wa gramu 150 hivi. Usilibonyeze ukitaka kulisikia. Bandama lenye afya kwa kawaida halishikiki kwa vidole, na likishikika mara nyingi ni dalili kwamba limevimba.

Mitaani kwetu neno hili limegeuka kuwa jina la ugonjwa. "Mtoto yule ana bandama," watu husema, kana kwamba sisi wengine hatuna! Wanachotaka kusema ni kwamba bandama lake limekua mpaka linajitokeza tumboni. Huku kwetu sababu kubwa ni malaria ya mara kwa mara, ingawa kichocho cha tumbo na selimundu navyo huweza kulivimbisha. Uhusiano wa bandama na malaria unajulikana siku nyingi, hata wataalamu wakaufanya kipimo. Mwaka 1848 daktari T. E. Dempster alipapasa matumbo ya wanavijiji huko India, karibu na mifereji ya maji, akahesabu wenye mabandama makubwa ili ajue wapi malaria imezidi. Baadaye, mwaka 1950, wataalamu wa malaria walikutana Kampala wakayagawa maeneo ya Afrika kwa njia hiyo hiyo. Pale ambapo zaidi ya watoto 75 katika kila 100 wenye umri wa miaka 2 hadi 9 walikuwa na bandama lililovimba, palihesabiwa kuwa na malaria ya kiwango cha juu kabisa.

Sasa, kiungo hiki kinafanya kazi gani? Kwanza ni chujio. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, na zikizeeka huwa ngumu. Ndani ya bandama kuna vipenyo vyembamba mno. Chembe changa hujikunja na kupita, ila kikongwe hunasa na kuliwa na seli za ulinzi. Chembe yenye kimelea cha malaria nayo hunasa. Kuna hata jambo la ajabu: baada ya dawa kukiua kimelea, bandama linaweza kukinyofoa kutoka ndani ya chembe na kuiachia chembe iendelee na safari yake. Si mchezo! Kazi ya pili ni ulinzi dhidi ya bakteria, hasa wale waliovaa koti la utelezi ambalo askari wengine wa mwili hushindwa kulikamata. Bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo wamo katika kundi hilo.

Pamoja na hayo yote, kwa muda mrefu madaktari wa upasuaji waliliona bandama kama kitu cha ziada. Walikuwa na sababu yao. Ini likiondolewa lote, mtu hafiki mbali. Kongosho likiondolewa, atahitaji insulini maisha yake yote. Lakini mtu aliyeondolewa bandama aliamka, akala, akarudi kazini. Tena bandama ni laini na limejaa damu, likichanika kulishona ni kazi ngumu. Kwa hiyo kanuni ilikuwa fupi: limepasuka, toa.

Mwaka 1952 madaktari wawili wa Indianapolis, Marekani, Harold King na Harris Shumacker, walitoa taarifa iliyowashtua wenzao. Walieleza habari za watoto wachanga 5 walioondolewa bandama kwa sababu ya ugonjwa wa kurithi unaovunja chembe nyekundu za damu. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Baadaye watoto hao walipata maambukizi makali ya damu na ya uti wa mgongo, na wengine wakafariki. Watano ni wachache, na mtu angeweza kusema imetokea tu. Lakini madaktari wa nchi nyingine walipoanza kuangalia wagonjwa wao, wakakuta visa vinavyofanana: mtu mzima wa afya yake, ameondolewa bandama miaka mingi nyuma, anapata homa asubuhi kama ya mafua, na kesho yake amekwisha kufa. Mwaka 1977 Wamarekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanajeshi 740 walioondolewa bandama baada ya kujeruhiwa katika Vita Kuu ya Pili. Waliokufa kwa nimonia na kwa ugonjwa wa moyo walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa.

Hayo ya moyo yaliwashangaza watu. Mwaka 2009 watafiti wa Boston waliochunguza panya walipata sehemu ya jibu: bandama ni ghala la seli za ulinzi, na moyo ukiumia, seli hizo hutoka ghalani kwa wingi kwenda kusaidia kuukarabati. Panya si mtu, lakini utafiti huo ulionyesha kwamba kiungo hiki kilikuwa na kazi ambayo vitabu vilikuwa havijaitaja.

Je, bandama likipasuka kwa ajali, kuna njia nyingine zaidi ya kulitoa? Hapa mwalimu wetu ni hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada. Madaktari wa huko waliona kwamba baadhi ya watoto waliopasuka bandama hupona bila kisu, kwani damu huacha kutoka yenyewe na jeraha hufunga. Mwaka 1968 Upadhyaya na Simpson walichapisha uzoefu wao. Wenzao wengi walipinga. Kumwacha mtoto anayevuja damu tumboni bila kumpasua? Huo si uzembe? Leo ndiyo njia ya kawaida kwa watoto, na hata kwa watu wazima wengi, mradi tu presha na mapigo ya moyo yametulia. Lakini tuelewane: huku si kumwacha mgonjwa ajilalie. Analazwa, anapimwa mara kwa mara, damu ya kumwongezea iko tayari, na chumba cha upasuaji kiko karibu. Akianza kulegea anapasuliwa mara moja, kwani bandama si la thamani kuliko uhai wa mwenyewe. Hospitali kubwa zenye vifaa huweza pia kuuziba mshipa unaovuja kwa kupitisha mrija mwembamba ndani ya mishipa ya damu.

Kuna visa vingine ambavyo ukisimuliwa unaweza kudhani ni hadithi. Bandama likipasuka, vipande vyake huweza kumwagika tumboni, vikashika mahali na kuota kama mbegu. Iwapo kiwambo, yaani ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, nacho kimechanika, huota hata kifuani. Miaka baadaye mtu anapigwa picha kwa shida nyingine, daktari anaona vivimbe na kudhani ni saratani. Mwaka 1978 Howard Pearson na wenzake wa Marekani walipima damu ya watoto walioondolewa bandama baada ya ajali, wakakuta zaidi ya nusu wana dalili kwamba kazi ya bandama imerudi kwa kiasi. Usishangilie sana, maana vipande hivyo haviaminiki kulinda mwili kama kiungo kizima. Wapo pia watu ambao bandama lao halikufungwa vizuri mahali pake, basi hutangatanga tumboni na siku nyingine hujisokota kwenye mishipa yake. Kisa cha karibuni zaidi ni cha Papua, Indonesia. Watafiti walichunguza mabandama ya watu 22 waliofanyiwa upasuaji, na taarifa zao zilitoka mwaka 2021. Watu hao hawakuwa na homa ya malaria, lakini ndani ya mabandama yao walikutwa vimelea hai, wengi mno kuliko waliokuwa katika damu. Kumbe yule mlinzi ana wapangaji! Wanasayansi bado wanalifanyia kazi jambo hilo.

Sasa turudi shuleni. Mwenzako amepigwa goti ubavuni kushoto uwanjani, au ameanguka toka kwenye mwembe, au amegongwa na usukani wa baiskeli. Anasimama, anacheka, "Niko poa." Baada ya saa kadhaa anaumwa tumbo juu kushoto, anatoka jasho la baridi, anasikia kizunguzungu, moyo unakwenda mbio. Mwingine hulalamika bega la kushoto, nawe unajua kabisa bega halikuguswa. Ni kwa sababu damu iliyomwagika inakisumbua kiwambo, na neva ya kiwambo hutokea shingoni pamoja na zile za bega, hivyo ubongo huchanganya anwani. Mwambie mwalimu au matroni sasa hivi, si kesho. Mlaze, msimpe chakula wala kinywaji kwa kuwa huenda akapasuliwa, na mfikishwe hospitali yenye upasuaji. Wakati mwingine damu huanza kutoka siku kadhaa baada ya pigo, kwa hiyo akizidiwa Jumatano kwa ajali ya Jumapili, itajeni hiyo ajali kwa daktari.

Bandama lililovimba kwa malaria hupasuka kwa pigo dogo, na mara chache hata bila pigo. Ndiyo maana kulikanda au kulichanja chale, kama wafanyavyo baadhi ya wazee wetu kwa nia njema, ni hatari. Kulikanda kunaweza kulipasua, na chale huingiza vijidudu bila kutibu malaria yenyewe.

Na aliyekwisha kuondolewa bandama? Anaweza kusoma, kucheza, kuoa au kuolewa na kuzaa kama wewe. Maambukizi yale makali huwapata wachache. Ubaya ni kwamba yakimpata mtu bila matibabu ya haraka, huweza kuua kwa saa 24 hadi 48. Kwa hiyo anahitaji chanjo dhidi ya bakteria wa nimonia na wa uti wa mgongo. Kama upasuaji umepangwa, achanjwe angalau wiki 2 kabla. Ukiwa wa dharura, kwa kawaida huchanjwa wiki 2 baadaye. Baadhi hupewa pia dawa za kuua bakteria za kumeza kila siku. Anahitaji chandarua bila kukosa. Akipata homa asingoje ipoe, aende hospitali saa ile ile na atamke wazi: "Sina bandama." Tena aandike hivyo kwenye karatasi na kuibeba, maana siku akizimia hataweza kusema.

Wenye selimundu wamo katika kundi hili hata kama hawajawahi kuguswa na kisu. Chembe zao zenye umbo la mundu huziba mishipa ya bandama tena na tena, mpaka linanyauka, mara nyingi kabla mtoto hajaanza shule. Mwaka 1986 Marilyn Gaston na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa watoto 215 wenye selimundu. Nusu hivi walikunywa penisilini mara mbili kila siku, wengine dawa bandia. Utafiti ulisimamishwa mapema, kwa kuwa maambukizi makali yalipungua kwa asilimia 84 kwa waliopewa penisilini na haikuwa haki kuwanyima wengine. Dawa yenyewe ni ya zamani na ni ya bei nafuu. Tanzania ni kati ya nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu, kwa hiyo huenda unayekaa naye dawati moja anakunywa vidonge hivyo, au alipaswa kuwa anakunywa.

Jadilianeni katika klabu yenu ya afya: Golikipa wenu ametoka kuugua malaria wiki iliyopita, na nesi amesema bandama lake bado linashikika. Fainali ni kesho, na yeye anasisitiza kwamba amepona. Mtamwambia nini, na nani aende kuzungumza na mwalimu wa michezo?