Kideri Kikiingia, Usiuze Kuku

Barua za msimu huu zinafanana. Kutoka Kasesya, Matai, Mwazye hadi Laela, wafugaji wanauliza jambo moja: kuku wanasinzia, mabawa yameshuka, wanaharisha kijani, wengine shingo zinapinda, tuwape dawa gani? Jibu ni fupi: kideri, au mdondo, hakina dawa ya kutibu. Ni ugonjwa wa virusi. Tetrasaiklini ya unga mnayouziwa madukani haiui virusi, pilipili na shubiri haziui virusi. Kinachookoa ni chanjo, na chanjo hupewa kuku mzima kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Hayo wengi mnayajua, kwa hiyo sitarudia somo la banda wala la pumba na mashudu ya alizeti. Leo nashika tabia moja inayorudi kila mwaka huku Ufipa, tangu mahindi yanapoingia ghalani hadi mvua za Novemba: kuku wawili wakifa, mwenye nyumba anakimbilia kuwauza waliobaki.

Naielewa hofu hiyo. Katika kaya nyingi za hapa kuku ndiye mfuko wa mama. Ikitakiwa chumvi, daftari la mtoto au nauli ya kwenda zahanati, hauzi gunia la mahindi wala hamgusi ng'ombe wa mzee. Anamkamata kuku mmoja, mambo yanakwenda. Tetea wa kienyeji anajitafutia chakula, anataga mayai kumi hadi kumi na tano, analalia siku 21 na kulea vifaranga vyake mwenyewe bila mashine wala umeme. Kumpoteza ni pigo. Lakini kumuuza akiwa tayari ameambukizwa ni kumhamishia jirani hasara yako, wala wewe hutabaki salama.

Virusi vya kideri hukaa mwilini siku 2 hadi 15, mara nyingi siku tano au sita, kabla dalili hazijaonekana. Kuku unayemuuza leo akiwa anadonoa vizuri anaweza kuwa amebeba ugonjwa, na kesho kutwa akauangusha nyumbani kwa aliyemnunua. Huko wasipochanja, kundi zima linaweza kuteketea. Kubakiwa na kuku wawili kati ya kumi ni jambo la kawaida.

Sasa tumtazame mchuuzi. Kijiji kikipatwa na kideri, yeye hupata habari kabla ya afisa mifugo. Anakuja na pikipiki, tenga nyuma, anasimama katikati ya uwanja na kutaja nusu ya bei ya juma lililopita, tena anasema anawasaidia. Hawasaidii. Anajua mna hofu, na anajua mtauza wote kwa siku moja. Anakusanya wa nyumba hii na wa nyumba ile ndani ya tenga moja, mchana yuko Matai, jioni Sumbawanga mjini. Njia nzima kinyesi kinadondoka. Asubuhi tenga lilelile, halijaoshwa, linatua kwenye uwanja wa mwingine ambaye kuku wake walikuwa wazima. Tenga hilo lisivuke ua wako. Hata kijiji kikiwa salama, mwenye kutaka kununua asubiri barabarani, umpelekee kuku huko, na kuku mzima tu.

Nanyi wa Kasesya mna wajibu mkubwa zaidi, maana mko mlangoni. Ng'ambo ni Zambia, ndugu na masoko yako pande zote mbili, na kuku anavuka kwa baiskeli bila mtu kumuuliza. Serikali ilizuia kuingiza kuku na vifaranga kutoka nje mwaka 2006 kwa hofu ya mafua ya ndege. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya viliteketezwa Namanga, na wengi waliumia kusikia. Anayepitisha kuku kwa njia za panya anacheza na mali ya wilaya nzima ya Kalambo. Kabla ya kusafirisha kuku, pita kwa afisa mifugo uulize habari ya kibali. Kuku ni mifugo kama ng'ombe.

Basi kuku wakianza kufa ufanye nini? Kwanza, funga mlango wa biashara: kuku asitoke, asiingie, na jirani aambiwe siku hiyohiyo. Kuficha ni kosa, hata kama unaona aibu. Pili, wagonjwa watengwe na mizoga ichimbiwe shimo refu ambalo mbwa hawafukui, au ichomwe. Manyoya na matumbo ya kuku mgonjwa aliyechinjwa, yakitupwa shambani, yanaumwagia ugonjwa uwanja mzima. Tatu, mwite afisa mifugo wa kata. Nne, ugonjwa ukiisha, toa samadi yote, piga udongo mpya ukutani, acha banda likae wazi mwezi mmoja au zaidi kabla ya kuingiza kuku wengine. Kukimbilia gulioni kununua mbegu mpya juma linalofuata ni kuzika fedha.

Kuku yeyote mgeni, wa kununua au wa zawadi, akae peke yake majuma mawili, chombo chake cha maji kisichanganywe, na alishwe wa mwisho. Hata yule uliyempeleka gulioni akakosa mnunuzi, akirudi ni mgeni.

Kuhusu chanjo sina msamaha kwa mtu. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa nchini, Kibaha, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, ndiyo maana inafaa vijiji visivyo na jokofu, ingawa haitaki jua. Ni tone moja jichoni, kifaranga na jogoo sawasawa, kila baada ya miezi mitatu. Ya kuweka kwenye maji inamfaa zaidi kuku wa kufungiwa. Wa kwetu anakunywa popote, hujui nani amepata na nani amekosa. Chanja alfajiri kabla hujafungua banda, maliza iliyochanganywa siku hiyohiyo, na usichanje kundi lililokwisha kuugua ukitumaini litapona.

Msiniambie ni ghali. Kichupa kinachotosha kuku mia moja na zaidi hakifiki bei ya jogoo mmoja. Shida ni kwamba kila nyumba ina kuku wanane au kumi na tano, hivyo kila mtu anaona kichupa ni kikubwa mno kwake. Changeni. Nyumba kumi, kichupa kimoja, siku moja, mchanjaji mmoja. Nyumba moja ikikataa, isihimizwe kwa upole tu. Mwenyekiti wa kitongoji aende mwenyewe, kwa sababu kuku wa nyumba hiyo wanakula kwenye nyanja za wote.

Ndui na viroboto vinasubiri toleo lijalo, nafasi imekwisha. Juma hili fanyeni moja: kubalianeni siku ya chanjo kabla ya mvua, na pikipiki ya tenga ikifika kununua kwa bei ya hofu, irudi tupu.