Kuchagua na Kutumia Programu-jalizi

Programu-jalizi ni programu ndogo inayounganishwa na programu kubwa ili kuiongezea kazi. WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, ulianza kupokea programu-jalizi mwaka 2004, katika toleo la 1.2.

Kabla ya kuchagua, jiulize: Naihitaji kwa kazi gani? Ilisasishwa lini? Inaoana na toleo la mfumo wangu?

Swali la mfano
Kikundi cha wakulima wa Mwimbi kina tovuti ya kutangaza bei za mahindi na maharage. Tangu kiweke programu-jalizi 15, tovuti inachelewa kufunguka na wateja wanakata tamaa. Eleza hatua nne za kurekebisha hali hiyo.

Majibu
(i) Kutunza nakala ya tovuti nzima, ili ikiharibika irejeshwe.
(ii) Kuzima programu-jalizi moja baada ya nyingine huku wakipima kasi, ili kubaini inayochelewesha.
(iii) Kufuta zisizohitajika. Kuzima tu hakutoshi, kwa kuwa faili zake hubaki kwenye seva na wadukuzi wanaweza kuzitumia.
(iv) Kusasisha zinazobaki, kwa sababu masasisho huziba mianya ya usalama.

Zingatia
Usikimbilie kujibu "waongeze programu-jalizi ya kuharakisha tovuti". Zipo, na husaidia kwa kutunza kurasa zilizokwisha kuandaliwa, lakini mzigo uliosababisha tatizo unabaki palepale. Pia, swali likisema "eleza", usiishie kutaja. Kila hoja ipe sababu yake.