SOMO LA NOELI: SADAKA YA NJIWA WAWILI

Masomo: Walawi 12:1-8, Luka 2:1-28



Kila mwaka mwezi wa Desemba ukifika, neno Noeli linageuka katika nyumba zetu kuwa neno la soko: nguo ya mtoto, viatu, kuku, mchele. Baba anakopa, mama anauza hata kitenge chake. Kufurahi si vibaya. Malaika mwenyewe aliwaletea wachungaji habari ya furaha kuu. Lakini tujiulize, furaha hiyo ni ya nini?

Si ya tarehe. Tarehe 25 Desemba haimo katika Biblia. Kanisa la Roma lilikuwa likiishika katika karne ya 4. Waorthodoksi wa Ethiopia husherehekea mwezi wa Januari, na Wakimbangu tarehe 25 Mei. Basi tusigombane juu ya siku. Furaha yetu ni kwamba Neno lilifanyika mwili (Yohana 1:14). Mungu alikuja mwenyewe, akazaliwa, akanyonya, akavikwa nguo za kitoto.

Na alikuja katika nyumba ya nani? Wengi wetu tunakumbuka hori la ng'ombe, tunasahau mstari wa 24. Sheria ya Musa ilisema: mama aliyezaa mtoto mwanaume, siku zake 40 zikitimia, alete mwana-kondoo wa mwaka mmoja pamoja na njiwa mmoja. Asiye na uwezo wa kondoo alete njiwa wawili. Luka anataja ndege wawili tu, wala haelezi zaidi. Aliyeijua Sheria alielewa palepale: Yosefu na Maria ni masikini. Hatusomi kwamba walikopa kondoo ili watu wawaone. Na mzee Simeoni alimpokea mtoto mikononi akamsifu Mungu. Juu ya udogo wa sadaka hakusema neno.

Mimi shemasi naandika haya kwa aibu. Noeli moja mama mmoja alifika kanisani peke yake. Nikamwuliza, watoto wako wapi? Akajibu: «Baba shemasi, wamebaki nyumbani. Hawana nguo mpya, wenzao watawacheka.» Watoto wanne! Na asubuhi ile mimi mwenyewe nilikuwa nimewakalisha mbele wale waliopendeza. Tena sisi tunavua viatu mlangoni. Vile viatu vilivyotia watu deni vilikuwa nje kwenye vumbi.

Noeli inayokuja, viti vya mbele ni vya watoto, atakayetangulia kufika ndiye atakayekaa. Nguo ya shule inatosha, hata iliyoshonwa kiraka. Mama yule nimekwisha kumwendea nyumbani. Mtoto wake mkubwa ndiye atakayetusomea Luka 2 mbele ya kanisa. Anajifunza kila jioni. Mpaka sasa anakwama kwenye jina la Kirenio.